Hinahina Ipi?

Palakiko Nakoa aliota mvi akiwa na miaka ishirini na mitatu, na hazikumjia kwa adabu, moja leo na nyingine mwakani, kama zinavyowajia watu wengine. Zilimvamia. Mavuno ya kabichi yalianza akiwa na kichwa cheusi kama makaa; yalipokwisha alikuwa wa kijivu kuanzia panda la uso hadi kisogoni, na nyusi nazo zilikuwa njiani. Nyanya yake, Tutu Miliama, aliyemlea katika nyumba ya mbao kule Kula, kwenye mteremko wa mlima Haleakala, alimtazama asubuhi moja wakinywa kahawa, akatua kikombe na kusema, "Haa! Hinahina."

Jina likamganda hapo hapo. Msomaji asidhani ni hina hii yetu ya kupaka bibi harusi mikononi. Kule Maui hinahina ni rangi ya majivu, ya mvi, ya ukungu unaoshuka mashambani jioni. Tena ni majani, na hayo majani ndiyo yaliyomletea Palakiko balaa, tutayafikia. Kabla ya hapo kuna jambo jingine. Katika lugha yao, hina peke yake ni kuanguka, na Palakiko alikuwa mtu wa kuanguka. Alikuwa pande la mtu, mabega kama kabati, na miguu miwili mikubwa isiyokuwa na desturi ya kushauriana. Alianguka akishuka kwenye lori, alianguka akipanda, na mara moja kanisani alianguka akiwa amekwisha kupiga magoti, kitu ambacho mchungaji alikiri hajawahi kukiona. Kwa hiyo watu walipomwita Hinahina hakujua kama wanamtania kwa sababu ya kichwa au ya miguu. Naye kwa kuwa alikuwa mpole, aliitika tu.

Kazi yake ilikuwa kuendesha lori la Bwana Fereira, mzee wa Kireno mwenye kelele na mashamba ya kabichi na vitunguu. Alishusha mboga sokoni, akarudi na mbolea, na maisha yake yalikuwa hayo, mpaka siku alipotumwa misumari katika duka la vifaa vya ujenzi kule Makawao.

Nyuma ya kaunta ya rangi alisimama msichana anayeitwa Wainohia. Alikuwa anakoroga kopo kwa kijiti, tone la rangi ya kijani limemdondokea puani na hana habari. Palakiko alimwona, na misumari ikatoka kichwani kama vile haijawahi kutengenezwa duniani.

"Karibu, kaka. Nikusaidie nini?"

Palakiko alifungua kinywa. Akatafuta neno lolote. Likaja moja tu, nalo lilikuwa jina lake mwenyewe.

"Hi... hinahina."

"Kijivu? Ya ndani au ya nje?"

"Ya nje," alisema Palakiko, kwa sababu hapo ndipo alipotamani kuwa.

Akachanganyiwa rangi ya kijivu, akafungiwa, akafunguliwa na mlango. Fereira alipouliza misumari iko wapi, alionyeshwa kopo. Maneno aliyoyasema Fereira yalikuwa ya Kireno, na ni heri yabaki hivyo.

Juma lililofuata Palakiko alirudi dukani kwa hiari yake. Alikusudia kusema neno jingine, lakini Wainohia alimuwahi kwa tabasamu. "Hinahina tena? Kumbe unapenda rangi moja!" Angeanzaje kumpinga? Akabeba kopo la pili, na baadaye la tatu, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kupoteza mali, akawa anapaka. Alipaka banda la kuku. Akapaka uzio, sanduku la barua, toroli, choo cha uani, ngazi, na ndoo. Kuku walikataa kuingia bandani siku nzima. Tutu Miliama alikuwa akitoka nje na fimbo yake anasimama kwanza mlangoni kupapasa kwa macho, kwani kiti chake kilikuwa kimepakwa kijivu, ukuta nyuma yake kijivu, na ukungu ukishuka hakuna mtu aliyejua kiti kiko wapi.

"Mjukuu wangu," alisema, "siku moja nitasinzia hapa, nitaamka nimepakwa na mimi."

Mwisho Wainohia mwenyewe alichoka. Siku hiyo duka lilikuwa tupu. Alishika kopo kwa mikono miwili, hakumpa.

"Palakiko, hebu niambie kweli. Wewe una nyumba au una manowari?"

"Nyumba."

"Kumebaki nini hakijapakwa?"

Palakiko alifikiri kwa uaminifu. "Tutu."

"Basi sikiliza. Utaniposa, au unamsubiri bibi wa watu alale?"

Palakiko aliegemea kaunta ili asifanye lile analolifanya siku zote. Kaunta ilivumilia, makopo yaliyokuwa juu yake hayakuvumilia. Wakati wanafuta sakafu pamoja, wote wamepiga magoti kwenye rangi ya machungwa, alisema ndiyo, anamposa, kama hana neno. Wainohia akasema hana neno, ila kuna mtu mwenye maneno mengi sana, naye ni mama yake.

Anti Haliaka aliishi pwani, upande wa Makena, kunakowaka jua na kusikonyesha. Alikuwa mjane mwembamba mwenye sauti ya kuvunja nazi, na walipofika alikuwa uani anapasua samaki. Alimtazama Palakiko kuanzia viatu akipanda taratibu, alipofika kichwani akasimama.

"Wainohia," alisema, kisu kikiwa hewani. "Nilikwambia uniletee mkwe. Huyu umemleta kwa ajili yako au kwa ajili yangu?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Mzee, una miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja, Anti."

"Tangu uzaliwe, au tangu umalize shule?"

"Tangu nizaliwe, Anti. Ni nywele tu."

Anti Haliaka alimkaribisha samaki mkavu na poi, ule uji mzito wa magimbi, akamtazama anavyokula, na hapo moyo ukalainika kidogo, kwani Palakiko alikula kama mtu aliyeheshimu chakula. Walipomaliza aliwatazama wote wawili, akatoa sharti.

"Mimi sitaki mengi. Siku ya harusi sitaki maua ya dukani, yale ya kuwavalisha watalii. Mama yangu aliolewa amevaa koja la hinahina. Na mimi siku ya kumwoza mwanangu nataka koja la hinahina, lisukwe na mkono wa mkwe wangu mwenyewe. Mkwe asiyeijua hinahina hanifai. Unaijua, sivyo?"

"Naijua sana, Anti," alisema Palakiko kwa furaha. "Hata mimi mwenyewe naitwa hivyo."

Wainohia alikohoa. Anti Haliaka akaguna, na maongezi yakawa yamekwisha.

Njiani kurudi Palakiko aliimba. Hinahina! Si ile inayoning'inia kwenye miti nyuma ya nyumba yao, nyuzi ndefu za kijivu kama ndevu za babu? Kula nzima imejaa. Angeweza kumsukia mama mkwe koja, blanketi na pazia. Alipofika nyumbani alimweleza Tutu Miliama, na Tutu akacheka mpaka meno yakacheza.

"Zile ndevu? Zile ni takataka, mjukuu wangu. Zimekuja na meli, kama mbu. Hinahina ya kweli iko juu mlimani, huko kwenye mawe, majani yake yamesimama kama visu vya fedha. Nilipokuwa msichana, waliopanda mlima walishuka nayo kofiani."

"Lakini Tutu, ile si imekatazwa hata kuigusa?"

"Ndiyo maana ni ya kweli. Umewahi kuona wapi wanakataza takataka?"

Palakiko alimpigia simu Wainohia, akamwomba amuulize mama yake, kwa ujanja, ni hinahina ipi.

"Thubutu!" alisema Wainohia. "Nikimuuliza atajua hujui. Akijua hujui, harusi imelala. Na mimi usiniulize, mpenzi wangu. Hinahina ninayoijua mimi inauzwa kwa kopo."

Palakiko alikaa kwenye kiti cha kijivu akatafakari. Kwenda kung'oa ya mlimani ni kwenda jela. Kumuuliza mama mkwe ni kubaki kapera. Iliyobaki ni ndevu, na ndevu zilikuwa bure. Jumamosi alipanda ngazi, akaanguka, akapanda tena, na kabla ya jua kupanda sana alikuwa amejaza magunia yaliyokuwa ya vitunguu. Akayapakia kwenye lori, akaondoka kuyapeleka kwa shangazi wa Wainohia aliyeahidi kumfundisha kusuka.

Kwenye lori kulikuwa na redio ya upepo, ambayo Fereira aliitumia kumgombeza kutoka mbali. Palakiko, moyo umejaa, akaibonyeza.

"Bosi! Leo nina furaha! Nimechuma hinahina!"

"Umechuma nini?"

"Hinahina! Magunia kwa magunia! Sikuacha hata moja!"

Sasa, redio ya upepo haina pazia. Aliyesikia si Fereira peke yake. Chini ya lango la hifadhi ya mlima alikuwa ameegesha gari askari wa hifadhi anayeitwa Kiyoshi Arakaki, mtu mfupi, mwaminifu, ambaye kazi yake yote ilikuwa kuyalinda yale majani ya visu vya fedha, na kwa miaka yote hiyo hakuwa amemkamata mtu isipokuwa mbuzi. Alisikia magunia kwa magunia, na sandwichi ikamdondoka.

Alimkuta Palakiko kwenye njia panda, akawasha taa, akasimamisha gari katikati ya barabara.

"Shuka! Taratibu! Mikono niione!"

Palakiko alishuka na mikono juu, na mtu ambaye hawezi kushuka kwenye lori akiwa ameshika mlango, fikiria akiwa hajashika kitu. Akaporomoka mzima mzima mbele ya gari.

"Usikimbie!" alipiga kelele Arakaki.

"Sikimbii, afande. Naanguka."

"Magunia yana nini?"

"Hinahina."

Arakaki hakutegemea iwe rahisi namna hiyo. "Kwa hiyo unakiri?"

"Si umeniuliza?"

"Jina lako nani?"

"Hinahina."

"Unanichezea shere?"

"Hapana, afande. Ukitaka la kanisani ni Palakiko."

"Na unazipeleka wapi?"

"Ni za mama mkwe."

"Aisee," alinong'ona Arakaki, "kumbe ni mtandao."

Akamwamuru akae kando, akalisogelea gunia la kwanza kwa majonzi ya mtu anayekwenda kutambua maiti. Alifungua kamba. Akatia mkono mpaka kwenye kwapa. Uso wake ukabadilika, kwani kilichokuwa ndani hakikuwa kigumu wala hakikuchoma, kilikuwa laini na kinafukuta. Akavuta, ikatoka ndevu. Akavuta tena, ndevu. Na pamoja na ndevu akatoka mjusi mnene aliyekuwa amelala zake humo tangu asubuhi, akaingia kwenye mkono wa shati la serikali, akaelekea tumboni.

Magari mawili yalipita na kupunguza mwendo. Waliokuwemo walieleza baadaye kwamba walimwona askari wa hifadhi anacheza ngoma katikati ya njia, na bwana mmoja mzee wa mvi amekaa kwenye nyasi anamsaidia kwa kusema, "Kushoto! Kushoto! Ameenda mgongoni!"

Mjusi alipotokea kwenye kola na kwenda zake, wanaume wale wawili walikaa nyuma ya lori wakipumua. Arakaki alichomekea shati.

"Ungesema ndevu za mti," alisema kwa uchungu. "Hinahina ni ile ya mlimani."

"Hata Tutu anasema hivyo."

"Ila mke wangu kwao ni pwani. Ukimwambia hinahina anakuonyesha kile kimmea cha mchangani, kinachotambaa, chenye maua meupe yanayonukia. Tumegombania jambo hilo tangu tuoane."

Palakiko aligeuka polepole. "Cha pwani?"

"Cha pwani."

"Mama mkwe wangu anaishi pwani."

Arakaki alimtazama kwa huruma, akampa nusu ya sandwichi iliyobaki.

Asubuhi yake, Jumapili, kabla ya watu kwenda kanisani, Palakiko alikuwa Makena kwenye vilima vya mchanga, anatambaa kwa mikono na magoti. Alikuwa amekipata. Kilikuwa kimmea kidogo, kimejikunja kama waridi, majani yake laini yana manyoya ya kijivu kinachong'aa, na katikati vimaua vyeupe. Aliinamisha uso akanusa. Harufu ilikuwa tamu mno. Alinusa kingine. Akasogea mbele akinusa, makalio juu, kichwa chini, akiwaza kama hii ndiyo yenyewe au bado.

"We!" sauti iliyovunja nazi ilisikika nyuma yake. "We mzee! Nani amekuruhusu kulisha hapa?"

Palakiko aliruka, akajikwaa kwenye magoti yake mwenyewe, akabiringika mpaka chini ya kilima, akaishia miguuni kwa Anti Haliaka aliyekuwa matembezini na mbwa wake. Mbwa alimlamba sikio.

"Kumbe ni wewe. Unafanya nini?"

Palakiko akiwa chali aliangalia mbingu. Angeweza kusema ameangusha funguo. Alikuwa na mdomo tayari. Lakini alikuwa amechoka. Juma zima alikuwa ameogopa mwanamke huyu, askari, jela na mjusi, na mchanga ulikuwa umemwingia puani.

"Anti," alisema, "mimi sijui. Nilisema najua, sijui. Kwetu ni zile za mtini. Tutu anasema za mlimani. Kuna askari, mkewe anasema ndizo hizi. Niambie tu, Anti. Hinahina ipi? Ukikataa nisimuoe Wainohia nitakuelewa, lakini nitalia."

Anti Haliaka alitazama baharini, akamtazama mbwa, akatazama huku na huko kuhakikisha hakuna mtu. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo Palakiko hakujua kama anayo, "Inuka. Njoo nyumbani."

Sebuleni, juu ya redio, kulikuwa na picha ya zamani ya harusi. Anti Haliaka aliitungua, akaifuta kwa kitambaa cha meza, akampa.

"Huyu ni mama yangu. Hili ndilo koja. Unaona nini?"

Palakiko aliisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Ilikuwa picha ya enzi ambazo kamera hazikujua rangi. Bibi harusi alikuwa kijivu. Bwana harusi kijivu, na farasi nyuma yao, na kanisa, na mbingu. Shingoni mwa bibi harusi kulikuwa na kitu kama vumbi lililovimba.

"Naona... kijivu, Anti."

"Na mimi nimeona hicho hicho maisha yangu yote!" Anti Haliaka alijitupa kwenye kochi. "Mama alikuwa akisema, koja langu la hinahina, koja langu la hinahina. Hakusema ipi. Na mama yangu hakuwa mtu wa kuulizwa maswali, alikuwa na mkono mwepesi. Baadaye akafa. Basi watu wakiniuliza najifanya najua. Nikasema moyoni, mkwe akija, atakayoleta ndiyo itakuwa hiyo hiyo, na mimi nitafahamu bila kuuliza."

"Kwa hiyo ningeleta zile ndevu...?"

"Ningelia machozi. Ningesema, ndilo hasa la mama."

"Na ningeleta kabichi?"

Anti Haliaka alifikiri. "Kabichi ningeshtuka. Lakini pengine ningevaa."

Walitazamana. Palakiko ndiye aliyeanza, kwikwi moja tu imemponyoka, naye Anti Haliaka akafuata, na ikawa kicheko kisichoshikika. Walicheka mpaka mbwa akabweka, mpaka Anti akajishika mbavu na kumpiga Palakiko mgongoni kwa picha ya mama yake. Alipopata pumzi alimshika kola.

"Ukimwambia mtu, nakupasua kama samaki."

"Ndiyo, Anti."

"Niite Mama."

Wakakubaliana wachanganye. Ndevu za mtini zikawa kamba, vimmea vya pwani vikafungwa juu yake. Palakiko alisuka kwa siku kadhaa kwa vidole vile vya kubebea magunia, na japo upande mmoja ulikuwa mnene kuliko mwingine, koja likatoka la kupendeza, la kijivu chenye mwanga, linanukia.

Harusi ilifungwa saa nane mchana katika kanisa dogo la mawe karibu na bahari. Anti Haliaka aliingia kichwa juu, gauni la zambarau, koja limemfunika kuanzia kidevuni hadi kifuani. Watu wakanong'ona kwa sifa. Alikaa mbele. Mchungaji akafungua kitabu, na katika ukimya ule uliotulia Tutu Miliama, aliyekuwa ameshushwa kutoka Kula na kuketishwa ng'ambo ya pili, aliegemea fimbo yake akasimama.

"Hiyo," alisema, "si hinahina."

Kanisa zima liligeuka.

"Umesema?" aliuliza Anti Haliaka.

"Nimesema hiyo si hinahina. Huo ni mti umenyoa ndevu."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni Tutu wa huyo hapo, bwana harusi."

"Ahaa! Basi ni mjukuu wako aliyesuka, mama. Na hili ndilo koja hasa alilovaa mama yangu. Nilikuwepo? Sikuwepo. Ulikuwepo? Hukuwepo. Ninayo picha!"

Palakiko alifumba macho.

"Picha!" Tutu Miliama alicheka. "Mimi nimeivaa ya kweli kwenye kofia. Ya mlimani, ya fedha!"

"Ya pwani!" alipaza sauti mwanamke mmoja kutoka viti vya nyuma. Alikuwa mke wa Arakaki, aliyealikwa na mumewe. Arakaki alijaribu kumvuta akae, akaona anavyotazamwa, akaacha.

Ikawa sasa watu wa mlimani wanazungumza wote kwa pamoja, watu wa pwani nao wanawajibu wote kwa pamoja. Fereira alisimama juu ya benchi akapiga kelele kwamba hinahina ni mvi, kila mtu anajua ni mvi, akamnyooshea kidole bwana harusi kama ushahidi. Mtu mmoja akasema hinahina ni zile suruali ngumu za kazi. Mchungaji aligonga kitabu, hakusikika. Wadudu wadogo walioishi kwenye ndevu walianza kuhama kwa sababu ya joto, na Anti Haliaka akawa anabishana huku anajikuna shingo, jambo lililowapa watu wa mlimani nguvu mpya.

Palakiko alimtazama Wainohia. Alidhani angemkuta analia. Wainohia alikuwa ameuma shela yake ili asicheke.

"Mchungaji," alimwambia kwa kumwinamia, "wewe tufungishe tu. Hawa hawatamaliza leo."

Mchungaji aliwatazama waumini wake, akawatazama wale wawili, akawasogeza karibu naye mpaka vichwa vyao vitatu vikakaribia kugusana. Akawauliza kwa sauti ya kunong'ona, nao wakamjibu hivyo hivyo. Palakiko alisema ndiyo mara mbili, asije akawa hakusikika. Pete zikaingia. Alimbusu mkewe katikati ya makelele, na mtu pekee aliyeona alikuwa mtoto mchanga begani kwa mama yake, ambaye alipiga miayo.

Wageni walipokuja kugundua kwamba ndoa imekwisha kufungwa, waliona aibu kidogo, wakaenda kula. Nguruwe aliyeokwa chini ya ardhi alifukuliwa shimoni, poi ikapitishwa, Fereira akaleta mikate mitamu ya kwao, na maneno yakapoa kwa kila mtu isipokuwa wanawake wawili. Tutu Miliama na Anti Haliaka walikaa meza moja, sahani moja katikati yao, wakabishana wakitafuna. Palakiko aliwaletea maji, hawakumwona. Aliwaletea nguruwe, wakampokea bila kumtazama. Wakati fulani alisikia Tutu akisema, "Basi twende ukaione kwa macho yako," na Anti akijibu, "Twende! Unadhani naogopa mlima?" lakini aliitwa kucheza, na katika kucheza alianguka, na jambo likamtoka akilini.

Jua lilipoanza kulala, Wainohia alishika mkono wa mumewe, wakawaaga watu, wakatoka nje kwenda kwenye lori lililopambwa maua. Lori halikuwepo. Penye lori palikuwa na mafuta ya injini mchangani na koja limetundikwa kwenye tawi kupunga upepo.

"Tutu anajua kuendesha?" aliuliza Wainohia.

"Alikuwa anajua," alisema Palakiko. "Kabla ya vita."

Maharusi walirudishwa Kula na Arakaki, ndani ya gari la hifadhi, mke wake amekaa mbele akiwaeleza njia nzima kuhusu hinahina ya pwani. Wale wanawake wawili walirejea siku ya tatu adhuhuri. Walisikika kabla ya kuonekana, lori likikoroma kwa gia ya kwanza kupanda kilima. Walikuwa wamefika mpaka juu, wakasimama nyuma ya uzio wakayatazama majani yale ya fedha yakiwaka jua la asubuhi, na Anti Haliaka akakiri kwamba ni mazuri, ila si ya mama yake. Kisha walishuka mpaka Makena, Tutu akanusishwa ya mchangani, akakiri kwamba inanukia, ila si yenyewe. Wakalala hapo, wakala samaki, wakapatana waendelee Ijumaa.

Tutu Miliama alishuka kwenye lori akiwa ameungua pua, amevaa kofia ya Anti Haliaka, ameshika kifurushi cha samaki wakavu. Alimpa Wainohia samaki, akampa Palakiko funguo.

"Gari lako linavuta kushoto," alimwambia. "Na klachi imekufa."